Chumvi, Mteremko na Biashara ya Wayira

Wafanyabiashara wa Butembo husifiwa kote Kongo kwa bidii yao, lakini ni nadra kusikia mtu akiutaja mteremko uliowafunza kazi hiyo. Masereka, katika nchi yao, iko mgongoni mwa milima, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Upande wa mashariki, Ziwa Edward liko kwenye mita 912 hivi. Kwa maoni yangu, tofauti hiyo imeyapanga maisha ya Wayira, ambao wengi huwaita Wanande, zaidi kuliko amri ya mtawala yeyote.

Chanzo chake ni Bonde la Ufa. Kwa mamilioni ya miaka ardhi imekuwa ikivutwa pande mbili, sakafu ikadidimia na kingo zikainuka. Ukingo wa upande wetu ulikatika wima, ndiyo maana kina kikubwa cha ziwa, zaidi ya mita 110, kiko karibu na ufuko wa Kongo. Kazi hiyo haijakoma: tarehe 20 Machi 1966 tetemeko kubwa lilipiga bonde la Semliki, likaua watu Beni, upande wa Kongo, na Toro, upande wa Uganda.

Mlimani kuna mvua na baridi. Malaria ilikuwa haba, mashamba yakatoa wimbi na maharagwe. Viazi, kabichi na ngano vilikuja baadaye. Kitu kimoja kilikosekana: chumvi. Hiyo ilipatikana Katwe, ng'ambo ya ziwa, ndani ya kasoko ya volkeno ambamo jua hukausha maji yenye magadi na chumvi. Basi watu waliteremka na vyakula, wakapanda na chumvi na samaki. Walifanya hivyo muda mrefu kabla Mwingereza Lugard hajajenga ngome Katwe mwaka 1891 na kabla mpaka wa wakoloni haujaikata njia hiyo.

Kisha bonde likafungwa. Malale yaliwatoa watu ziwani, na Hifadhi ya Albert, iliyoanzishwa 1925 na leo kuitwa Virunga, ikapanuliwa hadi tambarare za huko. Familia zikabanana mlimani, mashamba yakagawanywa tena na tena, hata kwenye miinuko mikali ambako kila masika hushusha udongo. Kijana wa Masereka asiyepata shamba hutafuta biashara Butembo, au huenda Manguredjipa kuchimba dhahabu, katika miamba iliyokuwapo kabla Bonde la Ufa halijaanza kufunguka.