Chembenano: dhahabu inayogeuka nyekundu

Misisi, kusini mwa Fizi, mashariki mwa Kongo, dhahabu ni ya manjano. Mchimbaji anaosha mchanga kwenye karai hadi zibaki chembe chache zinazong'aa. Lakini kwenye kituo cha afya huko Baraka, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, dhahabu ni nyekundu. Muuguzi anadondosha tone la damu kwenye kipimo cha haraka cha malaria, kile wanachokiita TDR, anasubiri kama robo saa, na mistari miwili inajitokeza. Wekundu ule si damu wala wino.

Ni dhahabu. Ikiwa katika vipande vya upana wa nanomita 40 hivi (nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita), elektroni zake hutikiswa kwa pamoja na mwanga, zikaunyonya ule wa kijani, na jicho likaona wekundu. Michael Faraday aliyaeleza maji mekundu ya namna hiyo jijini London mwaka 1857. Hesabu za rangi hiyo alizipata Gustav Mie mwaka 1908.

Vipande hivyo viitweje? Wapo wanaoandika nanopatikali, neno linalomwacha msomaji mikono mitupu. Chembenano ni bora: chembe anaijua hata mtoto wa Misisi, na nano inataja udogo wake.

Kazi ngumu iko mbele. Chembenano zikivishwa kingamwili inayonasa protini fulani, protini ikinaswa rangi husogea kidogo, na mashine huusoma msogeo huo. Hicho ndicho chombo kinachofanyiwa kazi katika maabara nyingi duniani kwa ajili ya kansere. Kukiita "kihisio cha mwanga" ni kupotosha, kwa kuwa jina hilo ni la kile kinachowasha taa ya barabarani giza likiingia. Hapa kinachohisiwa ni protini; mwanga ni lugha ya kujibia tu. Kihisio cha kimwanga kinafaa zaidi.

Na kinachonaswa kisiitwe "alama ya kansere". Alama inathibitisha, kama chale usoni. PSA, protini ya tezi dume, hupanda kwa mwanamume mwenye kansere ya tezi dume, na hupanda pia tezi ikivimba tu bila kansere. Kiashiria ndilo neno la haki: kinaelekeza kidole, daktari ndiye anayekwenda kuangalia.

Kiashiria kimoja kimeshazoeleka bila kujulikana. Vijiti vingi vya kupimia mimba vina chembenano za dhahabu, na vinachonasa ni homoni ya hCG. Homoni hiyo hiyo hufuatiliwa kwa mwanamke aliyesafishwa kizazi baada ya mimba isiyo ya kawaida iitwayo mimba zabibu, kwa sababu ikianza kupanda tena huenda kansere imeota. Kijiti kinajibu ndiyo au hapana. Mwanamke huyo anahitaji kujua ni kiasi gani, wiki hii na wiki ijayo, na hilo ndilo jibu ambalo kihisio cha kimwanga kinajaribu kumpa.