Mkono wa shangazi na hesabu yangu mbovu

Nimekuwa kimya kidogo. Nilikuwa Wema, kule mto Tana, upande wa Garsen. Leo sina habari za simu mpya. Nina historia fupi ya jinsi mkono unavyopimwa, na kosa langu mwenyewe.

Shangazi yangu hulima mpunga na ndizi. Usiku kidole gumba, cha shahada na cha kati humfa ganzi, anaamka akikung'uta mkono. Vikombe vinamponyoka. Watu wakamwambia ni uzee. Mimi nikashuku sindromu ya handaki la kapali. Kwenye kifundo cha mkono pana njia nyembamba inayopitisha kano tisa na neva moja. Njia ikibana, neva inaumia.

Haya, turudi nyuma. Mwaka 1854 daktari Mwingereza James Paget alieleza neva hiyo kubanwa baada ya mtu kuumia kifundo. Mwaka 1913, Wafaransa Pierre Marie na Charles Foix walipasua maiti ya mzee ambaye misuli ya vidole gumba vyake ilikuwa imekwisha. Wakakuta neva imevimba mahali inapoingia handakini.

Mwaka 1915, katikati ya vita, Mfaransa Jules Tinel na Mjerumani Paul Hoffmann, kila mmoja upande wake, walieleza kipimo kilekile: gonga neva kwa kidole, mgonjwa asikie kama sindano. Walikuwa wakitafuta neva inayoota upya baada ya jeraha. Miaka ya 1950 Mmarekani George Phalen akakitumia kipimo hicho kwa ugonjwa huu, na kuongeza chake: kunja vifundo kwa sekunde 60, uone kama ganzi inakuja. Mwaka 1956 Simpson, huko Uingereza, akaonyesha kwa umeme kwamba ishara hupita polepole kwenye neva iliyobanwa.

Lakini vyote hivyo vinaihoji neva. Je, mwenye mkono anaweza kufanya kazi? Hilo liliulizwa vizuri mwaka 1993, Levine na wenzake wa Boston walipotoa hojaji: maswali 11 ya dalili na 8 ya matumizi ya mkono. Kuandika, kufunga vifungo, kushika kitabu, kushika simu, kufungua chupa za mfuniko, kazi za nyumbani, kubeba kikapu, kuoga na kuvaa. Kila jibu ni 1 mpaka 5, kisha unatafuta wastani. Kwetu sisi wa programu hiyo ni kazi ya mistari mitano! Nikaiandika usiku uleule.

"Shangazi, unapata shida gani ukiandika?"

"Mwanangu, mimi naandika nini?"

Vifungo? Anavaa leso. Kitabu hashiki. Simu ananiwekea mezani, anaongea kwa spika. Akajibu maswali manne tu: 4, 5, 4, 3. Programu yangu ikatoa 2.0, yaani shida ndogo. Nilikuwa nimehesabu swali tupu kama sifuri na kugawanya kwa 8! Walioitunga hojaji walisema swali lisilojibiwa lisihesabiwe. Kugawanya kwa 4 kunatoa 4.0, shida kubwa. Kosa la mstari mmoja lilikuwa karibu kumwambia mgonjwa yuko sawa.

Na hata 4.0 haijui jembe, kasia wala mchi. Siwezi kuyaongeza kiholela, maana maswali mapya lazima yajaribiwe kwa wagonjwa wengi kwanza. Lakini naweza kuandika kando: "hawezi kushika jembe zaidi ya dakika kumi." Karatasi hiyo ndiyo aliyokwenda nayo hospitalini.

Ninyi wenzangu wa kibodi, msijihurumie mno. Ushahidi dhidi ya kompyuta ni dhaifu kuliko ule wa kazi za nguvu, za kurudiarudia na za mtetemo. Wa kuhurumiwa kwanza yuko shambani.

Nani ana shangazi kama wangu? Niandikieni, mniambie mkono wake unashindwa kufanya nini.