Kijiji cha Cosme: Ujamaa Uliowekewa Mpaka wa Rangi

Historia ya ujamaa ina majaribio yaliyoshindwa, nayo yanafundisha. Mojawapo ni kijiji cha Cosme, nchini Paraguay, kilichoanzishwa mwaka 1894 na wafanyakazi waliohama kutoka Australia.

Chimbuko lake ni mapambano ya kitabaka. Mwaka 1891 wakata manyoya ya kondoo wa Queensland waliwagomea mabwanyenye wenye mashamba. Serikali ilipeleka askari, viongozi wa mgomo wakafungwa, na mgomo ukavunjwa. Mwandishi wa habari William Lane akahubiri kwamba wavujajasho waende kujenga jamii mpya ng'ambo. Kiliundwa chama cha ushirika, kila mwanachama akitakiwa kutoa angalau pauni 60. Paraguay, iliyopoteza sehemu kubwa ya wanaume wake katika vita vya 1864–1870, ilikuwa ikitafuta wahamiaji, ikawapa ardhi. Julai 1893 meli ya Royal Tar iliondoka Sydney na watu wapatao 220.

Kijiji chao cha kwanza, New Australia, kiligawanyika upesi. Lane aliongoza kwa amri, akawafukuza waliovunja kiapo cha kutokunywa pombe. Mwaka 1894 aliondoka na wafuasi wasiofika mia moja, wakaanzisha Cosme. Hapo walifyeka msitu kwa mikono yao, wakalima na kugawana mali kwa usawa. Juhudi hiyo ilikuwa ya kweli, na haifai kubezwa.

Kasoro ilikuwa katika msingi. Katiba ya Lane ilikubali Wazungu wasemao Kiingereza tu. Mkulima wa Paraguay, jirani yao na mnyonge mwenzao, alihesabiwa kuwa mgeni katika nchi yake mwenyewe. Vijana walikatazwa kuoa wenyeji, wengi wakahama. Lane mwenyewe aliondoka mwaka 1899, akaishia kuwa mhariri wa gazeti la kihafidhina New Zealand. Ushirika ukafa, ardhi ikawa ya mtu mmoja mmoja.

Hakuna bepari aliyekuja kuivunja Cosme. Ilidhoofishwa na ubaguzi na uongozi wa mtu mmoja. Azimio la Arusha la 1967 lilitanguliza usawa wa binadamu wote kabla ya kutaja njia kuu za uchumi, na mpango huo una maana. Kugawana mavuno ndani ya boma huku jirani amefungiwa nje si ujamaa. Leo wajukuu wa wahamiaji wale ni Waparaguay, wanasema Kihispania na Kiguarani. Mpaka wa Lane umefutwa na watu wenyewe.