Wanafunzi wa Kiungani na Njia ya Ukasisi

Katika visiwa vya Unguja na Pemba, neno chuo lina umri mkubwa kuliko neno skuli. Mtoto aliyetakiwa kupata elimu ya dini alipelekwa chuoni akiwa mdogo, akahitimu, kisha akahudhuria darsa za masheikh mmoja baada ya mwengine hadi akaruhusiwa naye kufundisha. Nyuma yake walikuwapo wazazi waliompeleka, mtaa uliomjua na nasaba iliyomtambulisha. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 kilianzishwa Unguja chuo cha namna nyengine, kilichowaandaa vijana kwa ukasisi wa Kikristo. Wanafunzi wake wa mwanzo hawakuwa na mzazi, mtaa wala nasaba. Walikuwa watoto waliotolewa majahazini.

Asili ya habari hiyo ni hotuba aliyoitoa David Livingstone mjini Cambridge mwaka 1857, akiwaita wanafunzi wa chuo kikuu waje kuitumikia Afrika. Matokeo yake ni Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati. Jaribio lake la kwanza, katika nchi ya mto Shire, lilivunjwa na maradhi, vita na njaa, na Askofu Mackenzie alifia huko mwaka 1862. Mrithi wake, Askofu Tozer, akaonelea bora kuanzia Unguja. Alifika mwaka 1864 pamoja na Edward Steere, na muda si mrefu Sultan Majid bin Said akawakabidhi watoto watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Miongoni mwao walikuwamo wawili waliokuja kuitwa John Swedi na George Farajallah.

Wale wa Cambridge waliitwa, wakafikiri, wakaitikia au wakakataa. Hawa watano hawakuulizwa. Waliuzwa bila ya kuulizwa, wakakombolewa bila ya kuulizwa, na mipango ya kuwafanya walimu na makasisi ilikuwa imeshaandaliwa kabla hawajaijua hata lugha ya walezi wao. Hapo ndipo penye uzito wa historia ya Kiungani: vipi mtu aliyepangiwa wito wake na wengine huugeuza ukawa wake?

Kiungani ilikuwa kusini ya mji, na chuo kikapewa jina la Mtakatifu Andrea. Idadi ya vijana ilizidi kila manowari za Kiingereza zilipokamata majahazi. Mmoja alikuwa Myao, mwengine Mmakua, mwengine katokea upande wa Nyasa, na hawakuwa na lugha moja ya kuzungumza. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha, na Steere aliamua kwamba ndicho kiwe lugha ya mafunzo na ya ibada. Alikuwa amejifunza kwa Waswahili wenyewe, na mwaka 1870 alichapisha mkusanyiko wa hadithi za Unguja, ambamo habari za Liongo Fumo nazo zimo. Vijana wa chuo walifundishwa pia kupanga herufi na kupiga chapa, hivyo kabla ya kushika kitabu cha sala madhabahuni, baadhi yao walikwisha kukipitisha mikononi mwao herufi kwa herufi.

Msamiati wa cheo walichoandaliwa haukutoka Uingereza. Shemasi, kasisi na askofu ni maneno ya asili ya Kiarabu, kama yalivyo sala, toba, dhambi, ibada na Injili. Kijana wa Kiungani alijiandaa kuihubiri dini ngeni kisiwani kwa maneno ambayo mengi yake yalikwisha kuzoeleka msikitini na barazani. Pasingekuwapo elimu ya Kiislamu ya karne nyingi katika pwani hii, kazi ya Steere na wanafunzi wake ingekuwa ngumu mara dufu.

Mwaka 1887 A. C. Madan alichapisha London kitabu kiitwacho kwa jina la chuo hicho, chenye habari zilizoandikwa na wanafunzi juu ya makwao, kutekwa kwao na safari zao hadi pwani. Kilichochapwa ni tafsiri ya Kiingereza. Mwaka uliofuata chuo kikaanza kutoa gazeti la Kiswahili, Msimulizi, lililobeba habari za chuo na za vituo vya misheni. Aliyefika bila ya neno moja la Kiswahili sasa aliandika kwa Kiswahili na kusomwa mbali.

Ngazi ya ukasisi, hata hivyo, ilipandwa polepole. Swedi na Farajallah walifanywa mashemasi wadogo mwaka 1870, na Farajallah hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Swedi alingoja hadi mwaka 1879 kuwa shemasi kamili, miaka kumi na mitano tangu alipopokewa, na ukasisi hakuupata. Wengi wa wenzao wakawa walimu, wapiga chapa na mafundi.

Aliyevuka kizingiti ni Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utumwani. Kutoka Kiungani alipelekwa kusoma Chuo cha Mtakatifu Augustino huko Canterbury, akawa shemasi mwaka 1886, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kufanywa kasisi na misheni hiyo. Kazi yake kubwa aliifanya Chitangali, kusini ya Tanganyika, miongoni mwa Wayao. Aliyeondolewa kwa watu wake akiwa bidhaa aliwarudia akiwa mwalimu na mchungaji wao. Njia alichorewa na wengine, lakini kazi ya Chitangali hakuna aliyeweza kumfanyia. Huko wito ulikuwa wake.

Baadaye mafunzo ya ukasisi yalitengwa, yakawa na chuo chake cha Mtakatifu Marko huko Mazizini, na Kiungani ikabaki daraja ya kabla yake, ya kumjenga kijana katika elimu na tabia. Frank Weston, aliyefundisha Mazizini, akawa mkuu wa Kiungani mwaka 1901, na askofu mwaka 1908. Katika miaka ya 1920 chuo kikahamishiwa Minaki, bara, na Kiungani ikabaki jina la mahali.

Mwaka 1970 John Sepeku akawa askofu mkuu wa kwanza wa Kanisa la Anglikana Tanzania. Ilikuwa miaka themanini tangu Majaliwa awe kasisi, na zaidi ya mia tangu watoto watano wakabidhiwe kwa Tozer. Elimu haikuchukua muda wote huo: Majaliwa alikwisha kuonesha kwamba kijana wa Kiungani aliweza kuipata. Kilichochelewa ni imani ya waliowafundisha kwamba wanafunzi wao wangeweza kuachiwa waongoze wenyewe.