Uozo katika filamu za muda uliofupishwa

Uozo katika filamu za muda uliofupishwa ni mbinu ya kuonyesha tunda, mmea au mzoga ukioza kwa sekunde chache, ilhali kuoza kwenyewe huchukua siku au wiki kadhaa. Kamera hukazwa kwenye tripodi na kupiga picha kwa vipindi vilivyo sawa. Picha moja kila dakika 10 hutoa picha 144 kwa siku, yaani sekunde 6 za filamu ya picha 24 kwa sekunde.

Mwanga wa jua huzuiwa, na taa isiyobadilika hutumika, ili filamu isimetemete. Joto na unyevu huchochea ukungu. Hewa kavu hunyausha badala ya kuozesha. Nzi wakiruhusiwa, mayai yao huwa funza wanaomaliza nyama haraka.

Mifano maarufu ni A Zed & Two Noughts (1985) ya Peter Greenaway, inayoonyesha uozo kuanzia tofaa hadi punda milia, na Still Life (2001) ya Sam Taylor-Wood, ambamo matunda huoza huku kalamu ya plastiki iliyo kando yake ikibaki vilevile.