Fyuzi ikiungua, tafuta chanzo kabla ya kuibadilisha

UMEME unapopotea Kitale au Bungoma wakati wa mvua ya radi, kisha ukarejea ghafula, si ajabu redio au televisheni kubaki kimya ilhali taa za nyumba zinawaka. Mwenye chombo hudhani kimeharibika kabisa, kumbe huenda kilichoungua ni fyuzi tu.

Fyuzi ni waya mwembamba uliofungiwa ndani ya kibomba cha kauri au kioo. Mkondo wa umeme ukizidi kiwango kilichowekwa, waya huo huyeyuka na kuikata njia kabla nyaya nyingine hazijapata joto la kuwasha moto.

Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni wa volti 240, na plagi ya miguu mitatu inayotumika ilitokana na kanuni zilizochapishwa Uingereza mwaka wa 1947. Fyuzi iliwekwa ndani ya plagi kwa kuwa soketi nyingi huweza kulishwa na saketi moja ya ampea 30 au 32. Mkondo kama huo unaweza kuunguza waya wa redio kabla swichi kuu haijajikata.

Kuitambua

Kwanza, chomeka chombo kingine kizima kwenye soketi hiyo hiyo. Kikifanya kazi, soketi haina kasoro. Zima swichi, chomoa plagi, kisha uifungue kwa bisibisi. Plagi zisizofunguka huwa na kifuniko kidogo cha fyuzi katikati ya miguu.

Fyuzi ya plagi ni ya kauri, hivyo jicho haliwezi kuona kama imekatika. Ipime kwa mita ya fundi, au weka nyingine nzima ya kiwango kile kile.

Fyuzi ya kioo, ambayo hukaa ndani ya chombo, hujieleza yenyewe. Waya ukiwa umekatika tu na kioo ni safi, huenda mzigo ulizidi kidogo. Kioo kikiwa cheusi, aghalabu nyaya ziligusana au kifaa cha ndani kimeungua, na kubadilisha fyuzi pekee hakutafaa kitu.

Kuchagua kiwango

Gawanya wati zilizoandikwa kwenye chombo kwa volti 240. Televisheni ya wati 100 haifikishi hata nusu ampea, hivyo fyuzi ya ampea 3, yenye rangi nyekundu, inatosha isipokuwa kiwanda kimeagiza vinginevyo. Birika la wati 2,000 huvuta zaidi ya ampea 8, na linahitaji fyuzi ya ampea 13, yenye rangi ya kahawia.

Kwa fyuzi ya kioo, linganisha pia volti na herufi. F ni ya kukatika upesi. T hustahimili kishindo kifupi cha umeme wakati chombo kinapowashwa.

Hatari

Wapo wanaozungushia fyuzi iliyoungua karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, au kuweka kipande cha waya au msumari mahali pake. Redio italia, lakini mlinzi ameondolewa. Hitilafu ikizuka tena, kitakachoungua ni waya, pengine na nyumba.

Fyuzi mpya ikiungua mara tu inapowekwa, usiongeze ampea. Mpelekee fundi chombo hicho. Asiye fundi asifungue televisheni, kwani baadhi ya vifaa vya ndani huhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa.

Ikumbukwe pia kwamba fyuzi haimkingi binadamu: mkondo mdogo sana kuliko ampea 3 waweza kuua. Wala haizuii radi. Wingu likitanda juu ya Mlima Elgon, njia ya hakika ya kuokoa chombo ni kukichomoa mapema, kabla ngurumo hazijakaribia.