Mtindi wa Bulgaria na Wazee wa Miaka Mia

Kijijini Studen Izvor, magharibi mwa Bulgaria, mtindi haukuwa dawa. Maziwa yalichemshwa, yakaachwa yapoe mpaka kidole kiweze kustahimili joto lake, yakatiwa kijiko cha mtindi wa jana, kisha chungu kikafunikwa blanketi. Asubuhi yameganda, watu wanakula na mkate.

Mwana wa kijiji hicho, Stamen Grigorov, alikwenda kusomea udaktari Geneva. Mwaka 1905, akiwa katika maabara ya Profesa Léon Massol, aliuchunguza mtindi wa kwao kwa hadubini na kumbaini bakteria mwenye umbo la kijiti, ambaye baadaye alipewa jina la nchi yake: bulgaricus. Bakteria huyu ana mwenzake, Streptococcus thermophilus, anayejipanga kama shanga. Wa kwanza huvunjavunja protini za maziwa, na vipande hivyo huwa chakula cha wa pili. Wa pili naye hutoa asidi na gesi zinazomchangamsha wa kwanza. Ndiyo maana mtindi huganda upesi kiasi kile.

Hadi hapo ni sayansi safi. Makeke yalianzia Paris.

Élie Metchnikoff, bingwa wa Taasisi ya Pasteur, aliuona uzee kama ugonjwa. Aliamini kwamba bakteria waozeshao chakula kwenye utumbo mpana huutia mwili sumu polepole, na kwamba asidi ya maziwa yaliyoganda ingewazima. Ushahidi wake? Wakulima wa Bulgaria, waliosifika kwa kuvuka miaka 100. Tatizo ni kwamba mzee wa aina hiyo alizaliwa chini ya utawala wa Waosmani, kijijini, na umri wake aliutaja mwenyewe. Nani angembishia?

Mwaka 1908 Metchnikoff akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich. Waliipata kwa utafiti wa kinga ya mwili, mtindi haumo. Lakini mnunuzi wa mtaani angejulia wapi? Vidonge vya bakteria wa mtindi vikajaa kwenye maduka ya dawa. Kule Battle Creek, Michigan, Dakta John Harvey Kellogg aliwapa wagonjwa wake mtindi nusu kwa kinywa, nusu kwa bomba la enema. Mtu hulipia mambo!

Metchnikoff mwenyewe, aliyekunywa maziwa yaliyoganda kila siku, alifariki mwaka 1916 kwa maradhi ya moyo, akiwa na miaka 71. Kufikia miaka ya 1920, Leo Rettger wa Chuo Kikuu cha Yale alikuwa ameonyesha kwamba bulgaricus hapigi kambi tumboni mwa binadamu. Hupita tu njia.

Biashara haikutetereka. Mwaka 1919 Isaac Carasso, mzaliwa wa Thessaloniki, alianzisha Danone mjini Barcelona na kuuza mtindi kupitia maduka ya dawa. Wajapani waliuonja mtindi wa Bulgaria kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka mwaka 1970, na mwaka 1973 kampuni ya Meiji ikaanza kuuuza wa kwake kwa jina la nchi hiyo. Huko China, kampuni ya Bright Dairy iliipa bidhaa yake jina linalotokana na Momchilovtsi, kijiji cha milima ya Rhodope.

Wabulgaria wenyewe, pamoja na mtindi wao wote, wako miongoni mwa mataifa yenye wastani mfupi zaidi wa kuishi katika Umoja wa Ulaya. Na mwaka 2010 wakaguzi wa chakula wa Umoja huo walipoyapima madai ya mtindi, walilopitisha ni dogo na halina mvuto wa tangazo: bakteria wake, wakiwa hai na wa kutosha, humsaidia mtu ambaye tumbo lake linasumbuliwa na sukari ya maziwa kuimeng'enya sukari iliyomo kwenye mtindi huo. Suala la kufikisha miaka 100 halikutajwa.